Mshipa wa Hewa

Jumatatu, 25 Novemba 2024

Daftari hili nimepewa na mke wangu Notburga asubuhi hii, kabla hata sijamaliza chai. Amesema kuanzia leo habari zote za Kigiriki niziandike humu, maana masikio yake yameshajaa. Miaka arobaini na moja ya ndoa, leo ndiyo nawekewa mpaka. Nimelipokea kwa mikono miwili kwa sababu ni daftari zuri, lenye jalada gumu.

Chanzo ni Leticia. Nilimfundisha historia kidato cha pili. Sasa ni mkuu wa chuo kidogo cha afya hapa mjini na watu wazima wanamwita Madam. Jana baada ya misa alinikamata nje ya kanisa, akanipa shikamoo ndefu, nikajua ana shida. Wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wa utabibu wanaogopa majina ya viungo na magonjwa kuliko wanavyoogopa maiti. Wanayakariri bila kuyaelewa, na mtihani ukifika yanawakimbia. Amekumbuka kwamba kabla ya kuoa nilisoma seminari kuu, na kwamba nilikuwa nikitamba na Kigiriki changu mbele ya darasa lao. Anaomba saa moja Jumatatu na saa moja Alhamisi, nifundishe maana na asili ya maneno hayo, tena kwa Kiswahili, ingawa masomo mengine yote pale chuoni ni kwa Kiingereza.

Nilimwambia nitafikiria. Nilipofika nyumbani nilikuwa tayari natafuta dawa ya viatu.

Alhamisi, 28 Novemba

Darasa la kwanza. Wanafunzi arobaini na watatu, koti jeupe kila mmoja. Nilianzia makalioni, makusudi. Kifupa cha mwisho cha uti wa mgongo kinaitwa koksiks. Nikawauliza nani anamjua dudumizi, yule ndege anayelia mvua ikikaribia. Wote wanamjua. Nikawaambia Wagiriki walikuwa na ndege wa ukoo huohuo, wakimwita kokiks, na matabibu wao walipokitazama kile kifupa waliuona mdomo wake uliopinda. Kwa hiyo tangu leo kila mmoja wenu ajue amekalia mdomo wa ndege. Walicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye hijabu ya bluu, hakucheka kwa sababu alikuwa anaandika. Alipomaliza alinyoosha mkono akauliza kama maelezo haya yanaruhusiwa kwenye mtihani. Nikamjibu kwamba kila kinachotoka kinywani mwangu kinaruhusiwa. Darasa likacheka tena. Yeye akaandika na hilo.

Nimemsimulia Notburga yote wakati wa chakula, mpaka wa mazungumzo nikauvuka bila aibu.

Jumamosi, 30 Novemba

Kumbikumbi wametoka. Notburga amekaanga bakuli zima na hakunisikiliza neno hata moja.

Jumatatu, 2 Desemba

Leo nimewapa borborigmos, ile ngurumo ya tumbo lenye njaa. Nimewaambia Wagiriki walilitunga neno kwa kusikiliza tu matumbo yao. Pia aritaina, kata ya kuchotea maji, ambayo imeyapa jina magegedu mawili madogo kooni. Vijana hawa wanajua kata ya kibuyu kwa bibi zao, hawakuwa wakijua kwamba kila mtu anatembea na kata mbili shingoni.

Leticia ameniambia habari za yule msichana wa hijabu ya bluu. Anaitwa Mwanaisha, anatoka kijijini Namtumbo, baba yake ni mkulima wa tumbaku. Mwaka jana alifeli somo la viungo vya mwili, kwa hiyo anakariri mwaka. Akifeli tena atapewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wanauita sapu, na akifeli sapu ni disko. Nilidhani disko ni muziki. Maana yake ni kufukuzwa chuo moja kwa moja.

Ninafundisha kwa kumbukumbu tu, bila kamusi. Kamusi ya Kigiriki ninayo kisheria lakini sinayo mkononi. Padri mmoja Mjerumani alitupa mwaka 1981, mimi na rafiki yangu Aidani, kwa pamoja, kwa kuwa tulilingana maksi. Mwaka 1983 nilipoondoka seminari ili nioe, Aidani aliikumbatia akasema anayeondoka aondoke na mke wake, kamusi inabaki. Sasa ni Bruda Aidani, yuko abasia ya Hanga. Tangu hapo tunaonana msibani tu, na hata huko tunazungumza habari za mvua.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo nilikuwa katika ubora wangu. Nimewapa arteria, ile mishipa minene inayotoka moyoni.

Niliwasimulia hivi. Wagiriki wa kale walipopasua maiti waliikuta mishipa ile mitupu kabisa, maana mtu akifa damu huihama. Wakasema, hii ni mishipa ya hewa. Neno lenyewe, nikawaambia, maana yake ni kishika hewa. Mtu akiuliza mbona ukijikata damu inaruka, walikuwa na jibu: hewa ikitoka, damu ya mishipa ya jirani inavutwa kuja kujaza nafasi. Mwanaisha aliacha mdomo wazi huku kalamu inakwenda.

Nikaishia hapo. Bibi yangu alikuwa akitukatia hadithi vivyo hivyo, pale penye utamu, ili kesho yake turudi wenyewe jikoni kumsaidia kuchambua maharage. Sehemu ya pili, kwamba walikosea vibaya, na kwamba ilipita karne baada ya karne kabla tabibu mmoja hajaufunga mshipa wa mnyama hai kwa uzi mahali pawili, akaukata katikati na kukuta damu tupu, hiyo nimeiweka akiba ya Jumatatu. Walitoka wakinisihi niendelee. Nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, chuo kimefungwa. Tumepanda mahindi. Mgongo umeniuma kuanzia kwenye mdomo wa ndege kwenda juu.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikwenda darasani. Nilimpeleka Notburga hospitali ya Peramiho kwa ajili ya jicho lake la kulia, lile lenye kinyama kinachotambaa kuelekea kwenye mboni. Daktari alisema ni jua na vumbi la miaka ya shamba, hakuna haraka, avae miwani na kofia. Akaandika kwenye kadi: pterigio. Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia mke wangu kwamba maana yake ni bawa dogo, na kwamba miaka yote hii amekuwa akinitazama kwa jicho lenye bawa. Akasema hilo ni neno la kwanza la Kigiriki lililomfaa kitu. Tukala wali na maharage pale nje, tukarudi.

Nampenda mwanamke huyu. Naliandika humu kwa sababu nikimwambia usoni ataniuliza nimevunja nini.

Jumatatu, 16 Desemba

Somo la mwisho kabla ya likizo. Nilikuwa bado na jicho la Notburga kichwani, nikafundisha macho saa nzima: bawa dogo, na iris, ambayo ni upinde wa mvua. Walipotoka nilihisi kuna jambo niliwaahidi, sikulikumbuka.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Mvua, uyoga, wajukuu sita.

Alhamisi, 16 Januari 2025

Tumerudi darasani. Mwanaisha ameniletea masuku, matunda ya porini, kutoka kwao, mfuko mzima, yameiva vizuri. Alinisubiri nje, akapiga goti kidogo, akasema baba yake, Mzee Kassimu, anamsalimu mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili. Nikamuuliza masomo mengine yanakwendaje. Akatazama chini. Alisema wakufunzi wanakwenda mbio na Kiingereza, yeye anabaki kunakili picha. Lakini akiwa kwangu anaelewa kila kitu, na usiku anasoma daftari langu kwanza, vitabu baadaye. Baba yake amemwambia kwamba akirudishwa safari hii hatamlaumu, nafasi yake kwenye bani la kukaushia tumbaku ipo palepale. Alisema hivyo bila uchungu wowote, na mimi ndiye niliyeumia.

Nilimwambia hatarudi huko. Ni rahisi kusema maneno kama hayo ukiwa na mfuko wa masuku mkononi.

Jumanne, 28 Januari

Palizi. Mvua haijakatika siku ya nne.

Jumatatu, 10 Februari

Mtihani wa muhula. Nimewasha mshumaa kanisani, mmoja kwa wote arobaini na watatu. Moyoni mwangu ulikuwa wa mmoja.

Jumanne, 25 Februari

Leo Leticia aliniita ofisini. Alifunga mlango mwenyewe. Juu ya meza palikuwa na karatasi ya majibu, na mwandiko niliutambua kabla sijaketi.

Swali lilikuwa moja tu lenye maksi nyingi: eleza umbo na kazi ya arteria. Mwanaisha alikuwa amejaza kurasa mbili, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, lakini nadhifu. Aliandika kwamba arteria hubeba hewa kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini, ndiyo maana vitabu vinataja oksijeni. Kwamba damu haikai humo, huingia tu pale mshipa unapokatwa. Kwamba jina lenyewe linathibitisha. Na chini kabisa, jina langu, kama mtu anayetaja kitabu: kwa mujibu wa Mwalimu Amedeus Nyoni.

Wengine wanne walikuwa wameandika mambo ya kufanana na hayo, lakini walikuwa na maksi za kutosha kwingine. Yeye amepungukiwa, na maksi zilizopungua ni zilezile za swali hilo. Sapu ni tarehe 24 Machi.

Leticia hakunigombeza. Alisema tu kwamba nipumzike kwanza na darasa, mpaka atakaponiita. Alisema kwa sauti ya mwanafunzi wa kidato cha pili anayemwambia mwalimu wake kwamba amevaa sweta nje ndani. Nilitoka nikausahau mwavuli.

Jumatano, 26 Februari

Nimeshinda ndani nikijitetea. Mtu mwenye akili angesoma kitabu. Wakufunzi wengine wanalipwa kufanya nini? Mimi nilifundisha maneno, sikufundisha mwili. Na msichana mwenyewe, mwaka wa pili anasoma kitu kilekile, anawezaje kuamini kwamba tuna hewa kwenye mishipa?

Notburga alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, “Amedeus, yule mtoto alikuuliza siku ya kwanza. Ukamwambia kila kinachotoka kinywani mwako kinaruhusiwa. Ulikuja ukanisimulia mwenyewe, tena unacheka.”

Akaendelea na mchele wake. Nimeurudia ukurasa wa Novemba, na kweli nimeliandika hilo kwa mkono wangu. Na ukurasa wa tarehe 5 Desemba ni mbaya zaidi, kwa sababu humu daftarini hadithi niliimalizia. Nilijisimulia mimi mwenyewe ukweli wote, nikawapa wao nusu.

Ijumaa, 28 Februari

Nilikwenda kwa Leticia nikamwomba ampe Mwanaisha maksi zile, kosa liandikwe langu. Alikataa, na ana haki. Alisema tabibu anayeamini kwamba mshipa una hewa hawezi kuachiwa mgonjwa, haijalishi nani alimdanganya. Neno kudanganya alilitamka polepole. Nikamwomba basi nimsaidie Mwanaisha kujiandaa, na nipewe dakika kumi mbele ya darasa lote. Akafikiri.

Akaniuliza, “Mwalimu, na yale mengine uliyowafundisha, una uhakika nayo?”

Miaka yote nimejibu maswali ya Leticia papo hapo. Hili nilimwambia anipe hadi Jumatatu.

Jumamosi, 1 Machi

Nimekwenda Hanga.

Nilimkuta Bruda Aidani kwenye banda la kuku, gambuti miguuni, kanzu imepandishwa mpaka magotini. Amekuwa mdogo. Nadhani na yeye aliwaza hivyohivyo. Alianza habari za mvua kama kawaida yetu, nikamkatiza, nikamwambia nimekuja kuangalia neno moja kwenye kamusi. Hakuuliza neno gani. Alinawa mikono, akaniongoza hadi chumba cha wageni, akaniwekea chai na mkate wa hapo abasia, akaondoka. Alirudi na kamusi imefungwa kwenye kitambaa cha mirabaraba, kile kile cha padri wetu. Majina yetu mawili yapo ukurasa wa kwanza, langu juu kwa sababu nilipokonya kalamu.

Tulifungua arteria pamoja, vichwa viwili juu ya ukurasa, kila mmoja akiisukuma miwani yake. Hapo ndipo nilipomalizwa. Kamusi haikuwa na habari ya kishika hewa. Inasema neno hilo kwanza lilikuwa jina la bomba la koo, lile la kupumulia, ndipo likahamia kwenye mishipa. Na asili yake huenda ni kitenzi cha kuinua, kuning'iniza kitu, ndugu wa neno aorta. Ile ya kushika hewa ni ya watu kubahatisha. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na mwandiko wangu wa mwaka 1981: Si hewa. Usisahau.

Aidani alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Nikamweleza yote: msichana, karatasi, jina langu pale chini. Alisikiliza kama walivyo wamonaki, bila kusogea. Mwishowe akasema, “Amedeus, wewe ulikuwa hivyo tangu zamani. Unapenda watu wakupende wakati unasema.”

Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nimewahi kukubali hivyo kwa mtu yeyote, hata kwenye maungamo.

Wakati wa kuondoka alinipa kamusi. Nikamwambia tulikubaliana inabaki. Akasema amekaa nayo miaka arobaini na mbili akitegemea ningeifuata mapema, akaifungua mara nyingi, akakuta mwandiko wangu kila mahali unamwambia asisahau. Amenitaka niirudishe mwenyewe Juni, kahawa ikianza kuiva, nilale siku mbili. Njiani niliishika mapajani kwa mikono yote.

Jumatatu, 3 Machi

Leticia alinipa dakika kumi, saa nane mchana. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilisimama, nikafungua mdomo, na mvua ikaangukia bati kwa nguvu kiasi kwamba hata mimi sikujisikia. Nilisubiri. Dakika tano zikapita, wanafunzi wananitazama na mimi nawatazama. Basi nikachukua kalamu ya ubao, nikaandika kwa herufi kubwa:

NILIKOSEA. ARTERIA HUBEBA DAMU. HADITHI NILIIKATA KATIKATI KWA SABABU NILITAKA MNISIFU. SAMAHANINI.

Nikachora uzi, mafundo mawili, mshipa unakatwa katikati, damu inatoka. Nikaandika chini yake: niliyowaambia kuhusu jina pia si kweli, nimeangalia kamusi. Nikainyanyua kamusi waione. Nikaongeza kwamba kuanzia leo mtu akinisikia nasema neno, aniulize nimelitoa wapi.

Mvua ilipopungua, wengi walikuwa wameshatoka. Mwanaisha alibaki kwenye kiti chake. Mfungo umeanza, midomo yake ilikuwa imekauka. Nilimwomba radhi yeye peke yake, kwa sauti safari hii, mzee wa miaka sitini na saba mbele ya binti wa ishirini na mmoja. Nilitegemea angesema si kitu, mwalimu, kama watoto wetu walivyofundishwa kusema. Hakusema hivyo.

“Kila Idd baba anachinja mbele yetu,” alisema. “Damu inaruka kutoka shingoni, inapiga, inapiga, mpaka mnyama anatulia. Nimeiona tangu mdogo, mwalimu. Ile si damu ya kuazimwa kwa jirani. Nilijua. Lakini kwako ndiyo mara ya kwanza nimeelewa kitu mwanzo mpaka mwisho, nikaona bora nishike hicho. Nikakuamini wewe kuliko macho yangu.”

Nikamuuliza kama atakubali kuja nyumbani kwetu Ruhuwiko kujisomea, alasiri, siku atakazopenda. Alisema ataomba ruhusa kwa matroni wa bweni. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama na kamusi itakuwepo.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana, nyumba nzima ina njaa takatifu. Mwanaisha amekuja saa kumi, na vitabu viwili vya Kiingereza.

Jumatatu, 10 Machi

Utaratibu wetu ni huu. Anasoma aya ya kitabu, ananiambia kwa Kiswahili, kisha anaionyesha kwenye mwili, kisha anairudisha Kiingereza kwa maneno yake. Neno la Kigiriki linakuja mwisho, likiwepo kwenye kamusi. Mimi sina ruhusa ya kusimulia chochote mpaka amalize. Sheria hiyo aliitunga Notburga, na yeye ndiye anayekaa hapo na ungo wake kuisimamia.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimenunua kwa mchinjaji koromeo la mbuzi, na mapafu na moyo vimeshikana nalo. Notburga alitandika gunia barazani. Mwanaisha alikata mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye bomba la kupumulia akasema linakwaruza. Nilimwangalia mke wangu, akaniruhusu kwa kichwa. Nikamwambia ndiyo maana ya trakea, lenye kukwaruza. Akaifungua kamusi kuhakikisha, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, na mimi nikafurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Kisha akaufikia mshipa mkuu wa moyo. Ulikuwa mtupu. Aliutazama muda mrefu.

“Hapa ndipo walipokosea,” alisema. “Waliangalia waliokufa tu.”

Halafu akamgeukia Notburga, akamwomba mkono, akaweka vidole viwili kwenye kifundo. Akafumba macho akahesabu. Mke wangu alikaa kimya kabisa na bawa lake dogo jichoni, na wanawake hawa wawili walionekana kana kwamba wanajuana miaka mingi. Tumbo la Mwanaisha likanguruma. Akafumbua macho, akasema borborigmos, tukacheka wote watatu. Bado saa mbili na nusu kufuturu. Notburga alimfungia viazi vitamu na uji kwenye chupa, aende navyo bwenini.

Alhamisi, 20 Machi

Leo hakuja, mvua kubwa. Nilikaa barazani mpaka saa kumi na mbili, nikitazama njia.

Jumatatu, 24 Machi

Sapu. Sikuwasha mshumaa. Nimepalilia maharage, safu moja baada ya nyingine, mpaka mchana ukaisha.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Alasiri Mwanaisha alikuja na Mzee Kassimu mwenyewe, amekuja mjini kumchukua binti yake kwa siku mbili. Mtu mrefu, mpole, vidole vimekuwa vya rangi ya tumbaku. Walileta paja la mbuzi. Nilitaka kumwomba radhi na yeye, nikaanza, akanizuia. Alisema binti ameshamweleza. Alisema yeye hajui kusoma kadi ya hospitali, na kila daktari aliyewahi kumweleza ugonjwa wake alimweleza nusu, kwa haraka, akaondoka. Wewe ulirudi, alisema. Tukala pilau ya Notburga. Matokeo bado.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua zinaelekea ukingoni. Mahindi ya kuchoma. Hakuna habari.

Alhamisi, 10 Aprili

Leticia alikuja nyumbani kwa miguu, saa tano asubuhi. Hakukaa. Alinipa karatasi nisome kwanza mimi mwenyewe, ingawa nilikuwa nimeshaona usoni mwake.

Walikuwa wameuliza tena arteria. Wanafanya hivyo makusudi, alisema. Mwanaisha amejaza kurasa tatu. Kiingereza bado ni kile cha kuokoteza, lakini sentensi ya kwanza imesimama wima. Naiweka hapa kwa Kiswahili, maana najua ndivyo alivyoifikiria: Arteria hubeba damu, kwa nguvu, kwa mapigo, nimeiona kwa macho yangu na nimeishika kwa vidole vyangu.

Amefaulu. Hakuna disko, hakuna bani. Septemba anaingia mwaka wa pili.

Niliisoma karatasi yote mpaka mwisho, kisha nikairudia kutoka juu, taratibu, natafuta. Notburga alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani yake mipya. Aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kama amenitaja mahali.

Hakunitaja. Sijawahi kufurahi namna hii.